Arobaini ya Mama Sange Nyumbani kwa Kiboko

— Mmekaa?

— Tumekaa.

— Mikono inamenya karanga?

— Inamenya.

— Na midomo je, inakula karanga zangu?

— Haili.

— Waongo wakubwa nyie. Haya, palikuwa.

— Palikuwapo.

— Palikuwapo nani?

— Mwenye kuwapo.

Mwenye kuwapo alikuwa Sange. Sange mnamjua? Shamte, wewe umekulia mjini, humjui, usinitikisie kichwa. Sange ni mnyama mdogo, ukimwona kwa mbali utasema panya, naye akikusikia atanuna. Si panya. Ana pua ndefu inayochezacheza, ana miguu ya nyuma ya kurukia, na ana tabia moja ambayo panya hana: anafagia njia. Kweli kabisa. Sange ana vijia vyake chini ya majani, na kila asubuhi anavipitia, kijiti anatupa huku, jani anatupa kule, mpaka njia inakuwa nyeupe. Siku adui akitokea, yeye anapita mbio na hakuna kinachomkwaza.

Basi Sange wangu mimi alikuwa na blogu. Mnacheka nini? Wanyama nao walikuwa na simu zao, walichaji kwa nani hilo haliwahusu. Asubuhi Sange anafagia njia, fyagi fyagi fyagi. Akimaliza anakaa juu ya mzizi wa mkwaju, anaandika, tik tik tik. Anaandika alichokiona. Njia ya kisimani iko wazi, ile ya vichakani imeangukiwa na mti. Uyoga umeota upande wa kichuguu, wa kahawia ni mtamu, wenye madoa usiuguse. Ukichimba ndiga, kile kiazi cha porini, usile hivihivi, utalewa ufe, loweka kwanza kwenye maji yanayopita, mama yangu mimi Sange alinionyesha hivi na hivi. Mambo ya kawaida tu, lakini yalikuwa ya kweli, na wanyama walikuwa wakiamka, hata uso hawajanawa, wanafungua simu kumsoma Sange.

Huyo mama alikuwa hai wakati huo. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, anashinda mlangoni juu ya majani makavu. Kila alichoandika Sange alimsomea mama yake kwanza. Mama akisema hapo umedanganya, Sange anafuta. Mama akinyamaza, ndiyo imepita. Hakuna mhariri mkali kama mama asiyeona, maana hadanganyiki na picha.

Sasa upande wa pili wa msitu, kwenye bwawa, alikuwako Kiboko. Kiboko alikuwa na mwili. Kiboko alikuwa na mdomo. Kiboko alikuwa na bwawa zima peke yake. Alichokosa ni neno la kusema.

Siku moja Ngedere, fundi wa mitambo, akamwambia kwamba siku hizi mnyama mwenye wasomaji wengi halimi. Mwenye maboga anataka maboga yake yatangazwe, basi anamletea maboga. Mwenye mihogo naye hivyo hivyo. Kiboko kusikia maboga, masikio yakasimama. Akafungua blogu siku hiyohiyo. Akakaa mbele ya simu tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, akaandika: Leo nimeoga. Kesho yake akaandika: Leo pia. Hakuja msomaji hata mmoja, na mimi siwalaumu.

Akamrudia Ngedere. Ngedere akamtengenezea mtambo. Kazi ya mtambo ilikuwa nyepesi. Sange akiandika tu, mtambo unafyonza, fyonz. Mahali palipoandikwa Sange, unaweka Kiboko. Halafu unabandika kwenye blogu ya Kiboko, papo hapo, bila mtu kugusa kitu. Ngedere akachukua ndizi zake akaenda zake. Kiboko akarudi majini, akaacha pua tu nje.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi Sange anafagia, fyagi fyagi fyagi. Sange anaandika, tik tik tik. Mtambo wa Kiboko unafyonza, fyonz. Na Kiboko? Kiboko anaoga.

Blogu ya Kiboko ilikuwa kubwa, ina rangi, ina picha zinazometameta. Na simu zina tabia mbaya, ukitafuta jambo zinakuletea kwanza aliye mkubwa. Polepole wanyama wakahamia kwa Kiboko. Maboga yakaanza kuingia bwawani. Mihogo ikaingia. Mahindi yakaingia. Kiboko akajenga ghala, likajaa, akajenga lingine.

Sange hakujua lolote. Aliona tu wasomaji wanapungua, akadhani amechosha. Akawa anaandika upya kila sentensi, anamsomea mama yake, mama ananyamaza, maana yake ni nzuri, na wasomaji hawaji. Mnaijua hiyo hali? Unafanya kazi yako vizuri kuliko jana na hakuna anayekuangalia. Inaumiza, tena inaumiza kimyakimya.

Aliyemfumbua macho ni Pongo. Walikutana njiani, njia ileile aliyoifagia Sange, na Pongo akamtazama kwa masikitiko. Akamwambia kwamba yeye binafsi alikuwa akimheshimu, lakini hili la kumwiga Kiboko neno kwa neno limemshusha.

Sange akadhani amesikia vibaya. Pongo akatoa simu akamwonyesha. Ilikuwa habari ya ndiga, yote, na koma zake. "Mama yangu mimi Kiboko alinionyesha." Chini yake kulikuwa na nyingine: "Mimi Kiboko niliamka mapema, nikapita chini ya mzizi wa mkwaju bila kuinama."

Kiboko, chini ya mzizi, bila kuinama. Na wanyama wamesoma, wamesifu, wameandika hongera mzee. Sange akaelewa mambo mawili palepale. La kwanza, ameibiwa. La pili, aliyemwibia hasomi anachoiba, na waliosoma nao hawasomi, wanapitisha macho tu. Shamte, unanisikia?

Akaenda bwawani. Akasimama ukingoni, akaeleza kwa adabu zote, shikamoo mzee na nini na nini, akaomba maandishi yake yaondolewe au liandikwe jina lake. Kiboko akatoa kichwa nje ya maji akamjibu kwamba mwenye kuweka kitu barabarani asilalamike kikiokotwa. Mto nao uko wazi, kwani yeye akinywa maji ameuibia? Akazama. Blup.

Akaenda kwa Kakakuona, maana ndiye aliyekuwa akiwagawia wanyama viwanja vya kuweka blogu zao, cha Kiboko na cha Sange vyote vyake. Kakakuona akamsikiliza vizuri, akawa anaitikia naam, naam. Sange alipofika kwenye neno ameiba, Kakakuona akajikunja, akawa mpira. Sange akauzunguka ule mpira akitafuta sikio, hakuliona. Akaongea na magamba, kisha akarudi nyumbani.

Akajaribu mwenyewe. Akaandika jina lake mwanzo, katikati na mwisho. Sange, Sange, Sange. Mtambo ukafyonza, fyonz. Kule ikatoka Kiboko, Kiboko, Kiboko.

Siku hiyo alikaa mlangoni na mama yake akalia. Mama akamwacha alie kwanza. Kisha akamwuliza, huyo bwana anapata nini? Sange akasema anapata maboga. Mama akamwuliza, na wewe ulikuwa ukiandikia maboga? Sange akatikisa kichwa. Mama akasema basi uyoga achukue, njia achukue, anayesoma habari ya ndiga kwa Kiboko hatakufa kama asivyokufa anayesoma kwako.

"Lakini mimi," akasema, "mimi asinichukue. Mimi ni mama yako wewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu anayeomba maji. Sange akamwahidi.

Sasa nyie mnajua jinsi wazee walivyo, hawakai tukawazoea. Msimu haukuisha, mama akafa. Nitawaambia alivyokufa, lakini si hapa, tulieni.

Msiba ulikuwa mdogo. Sange hakuweza kuandika, mkono ulikataa kabisa, kwa hiyo habari haikwenda mbali. Walikuja majirani wa karibu tu. Walikuja Kanga na dada zake, alikuja Jongoo akachelewa, wakamzika bibi chini ya majani aliyoyapenda. Baada ya hapo Sange akaendelea kufagia njia peke yake. Fyagi, fyagi. Hakukuwa na tik tik tik. Na kule bwawani hakukuwa na fyonz.

Wasomaji wa Kiboko wakaanza kulalamika. Mzee, kimya sana. Mzee, umetusahau. Wa maboga akasema kama hakuna kipya, na yeye haleti boga. Kiboko akatoka majini. Ni mara ya kwanza Kiboko kutoka majini kwa ajili ya kazi yake ya uandishi. Akapita msituni anavunja miti, kra, kra, mpaka kwenye mkwaju.

Akamkuta Sange amefunga kitambaa cha msiba kichwani. Nyie, hata jiwe lingeona kile kitambaa. Kiboko hakusema pole. Hakuuliza kuna nini. Mimi mwenyewe nikifika hapa huwa nasimama kidogo, maana hasira zinanipanda. Kiboko alisema hivi:

"Utaandika lini? Watu wangu wanasubiri."

Sange akamwangalia. Akamjibu taratibu kwamba amefiwa na mama yake, kwamba anaandaa arobaini, ile siku ya kumwombea marehemu na kuwalisha waliokuja, na kwamba kitu cha kwanza atakachoandika kitakuwa hicho. Akamwambia yote, hakuficha neno. Kiboko alikuwa anamfukuza inzi sikioni.

"Andika chochote," akasema. "Ila kiwe kirefu."

Akageuka akaenda zake, kra, kra.

Sange akakaa juu ya mzizi. Hapa najua mnataka niwaambie alicheka kijanja akasugua mikono. Hakucheka. Alikuwa na jambo zito la kuamua. Akiandika habari ya mama yake, mtambo utaifyonza, mama atakuwa wa Kiboko, na ile ahadi aliyompa itakuwa imevunjika. Siku ya arobaini msitu wote utakwenda bwawani, kwake hatakuja mtu. Asipoandika, mama ataondoka kama vile hakuwahi kufagia njia hata moja. Huku anampoteza, na kule anampoteza.

Akawaza. Akaangalia akiba yake ya chakula: konzi ya mchwa na wadudu wakavu. Akayakumbuka maghala ya bwawani. Akawaza tena, akafuta machozi, akaanza. Tik tik tik. Aliandika kwa muda mrefu, na kila sentensi aliisoma kwa sauti mlangoni, kwenye majani yale, ambako hakukuwa na mtu. Mwisho akaandika hivi: "Arobaini ni Ijumaa, nyumbani kwa Sange. Mje wote. Msibebe chochote. Kila atakayekuja atakula na atashiba."

Mchwa konzi moja, na anaandika watashiba. Mmeanza kumwelewa?

Akabandika. Mtambo ukafyonza, fyonz. Kiboko alikuwa anaoga.

Ijumaa ikafika. Kiboko amelala majini, pua nje, maboga ghalani, raha mustarehe. Akasikia kitu kama kilio. Akasikia kilio cha pili. Akafungua jicho moja. Ukingoni walikuwa wameshafika akina Nguruwe, ukoo mzima, wamejifunga vitambaa. Nyuma yao Tandala, nyuma yao Pongo na wakeze, nyuma yao vumbi tu, na ndani ya vumbi wanyama wanakuja wanalia, huu, huu, huu. Na msiba mnaujua, ukifika huulizi, unalia kwanza. Maswali baadaye.

Kiboko akauliza kuna nini. Pongo akaingia mpaka magotini majini, akamkumbatia shingo, au kile kipande cha shingo alichokifikia. Akamwambia asijikaze, yeye ni kiboko lakini pia ni mtoto wa mtu.

"Sijafiwa," akasema Kiboko.

Wanyama wakatazamana, wakatikisa vichwa. Mzee mmoja wa kina Nguruwe akasema ndivyo uchungu ulivyo, akili inakataa. Naye alipofiwa na kaka yake alikuwa hivyohivyo. Wakatandika mikeka.

Sasa chakula kilikuwa kimeahidiwa, tena kwa maandishi. Wanawake hawakumsumbua mfiwa. Wakaenda wenyewe ghalani. Boga likatoka. Boga lingine likatoka. Mihogo ikatoka, mahindi yakatoka, moto ukawashwa, masufuria yakapandishwa. Kiboko akakurupuka majini, akapiga kelele maboga yangu, maboga yangu. Pongo akawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba jamaa ameanza kuchanganyikiwa, asiachwe peke yake. Wakamkalisha, wakamshika huku na huku.

Ndipo Kiboko akaomba simu. Akafungua blogu yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akasoma. Mama yangu amefariki. Nyumbani kwa Kiboko. Mje wote. Atakula na atashiba.

Angesema nini? Mwambieni nyie aseme nini. Akisema si mimi niliyeandika, wataulizana, basi uyoga uliandika wewe? Ndiga uliandika wewe? Na maboga tulikuletea kwa lipi? Akisema ni mimi, chakula ndicho hicho kinaiva. Akafungua mdomo, ule mdomo wote, akaufunga. Akatazama sufuria la maboga linachemka, bwata bwata bwata, na machozi yakaanza kumtoka. Alilia kwelikweli, alilia kwa kwikwi. Wanyama wakaguswa sana, wakasema kumbe alimpenda mama yake namna hii.

Sange alikuwa amefika. Alikuja na Kanga na Jongoo, wale wachache waliokwenda kwake, akawachukua wakaja wote. Akakaa mwisho wa mkeka, mgeni kwenye arobaini ya mama yake. Hakuna aliyemsogelea kumpa pole. Kanga akataka kusema, Sange akamzuia kwa mguu. Hapo alikuwa anaumia kuliko siku ya kuzika, na hakuwa na hakika hata kidogo kwamba jambo hili litaisha vizuri.

Mara majini kukasikika kishindo. Chubwi. Chubwi. Chubwi. Kitu kinapanda mto. Kikatokea kichwa kikubwa, kina mvi puani, jino moja halipo. Mama Kiboko.

Alikuwa anakaa bondeni, kwenye dimbwi la mbali, na tangu asubuhi waombolezaji wanapita wanamwona wanakimbia. Mmoja tu, mwenye moyo mgumu, ndiye aliyesimama akamweleza. Basi naye akaja kwenye arobaini yake.

Kilio kikakatika kama kimekatwa na kisu. Mtoto wa Nguruwe akajificha chini ya mkeka. Bibi akapanda ukingoni taratibu, akawatazama wote, akamtazama na mwanawe, akauliza ni nani aliyekufa. Akauliza tena. Pongo akasema, "Ni wewe, mama."

Bibi akakaa chini. Akasema basi kama ni yeye, asomewe alivyoandikwa, maana si kila mtu anapata bahati ya kusikia. Pongo akatoa simu akasoma kwa sauti, na safari hii kila mmoja akasikiliza, maana hakuna anayepitisha macho mbele ya maiti iliyokaa inamtazama.

"Mama yangu amefariki. Alikuwa mfupi wa miguu na mrefu wa pua. Alipita chini ya mizizi na mgongo wake haukugusa. Alinifundisha kufagia njia asubuhi, kwa sababu anayekimbizwa hana nafasi ya kuruka majani. Macho yake yalipoisha alinisikiliza nikisoma, na nikitia uongo alijua. Siku ya mwisho aliniuliza kama njia ya kisimani imefagiwa. Nikasema bado, nimekaa na wewe. Akasema nenda, wenzio watapita pale, mimi nipo. Nikaenda. Niliporudi njia ilikuwa safi na yeye hayupo."

Hivyo ndivyo alivyokufa. Niliwaambia nitawaambia.

Mama Kiboko akaitazama miguu yake, akaitazama pua yake. Wanyama nao wakaitazama miguu yake na pua yake, na ndipo aibu ikaanza kuwaingia, mmoja baada ya mwingine, kama maji yanavyoingia nyumba.

"Huyu aliyeandikwa hapa," akasema bibi, "alipendwa. Mimi sijawahi kupendwa hivi, ningekumbuka." Kisha akauliza, "Ni mama wa nani?"

Sange akasimama mwisho wa mkeka. Mdogo, wengine hawakumwona mpaka waliposogea. Akapiga mguu wa nyuma chini, tap tap tap, kama wanavyofanya kina Sange wanapotaka kusikika.

"Ni wangu," akasema. "Ni mama yangu mimi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Walimtazama Sange, wakaitazama ile pua, wakakumbuka uyoga, wakakumbuka ndiga, wakakumbuka Kiboko anayepita chini ya mzizi bila kuinama. Pongo akaweka simu chini, akaja mpaka mbele ya Sange, akapiga magoti. Akampa pole. Wa pili akaja akampa pole. Wakapanga mstari kuzunguka bwawa.

Bibi akamgeukia mwanawe. Hakumpiga, ingawa mimi ningempiga. Alimwuliza tu: "Mimi nakula nini siku hizi?"

Kiboko akatazama ghala lake, akamtazama mama yake.

Basi Mama Kiboko akasimama akasema chakula kimeiva na marehemu amejulikana, kwa hiyo watu wakae, wamwombee mwenzake. Wakamwombea mama Sange, kwa jina lake. Wakala maboga, wakala mihogo, wakala mahindi, wakashiba kama walivyoandikiwa. Haijapata kutokea arobaini kubwa namna ile kwa mnyama wa kimo kile, na Sange mwenyewe alichangia konzi moja ya mchwa, aliyoila Kakakuona, ambaye siku hiyo hakujikunja hata kidogo. Ghala la kwanza likaisha. La pili wakalibeba kuwapelekea watoto.

Mtambo hawakuuvunja. Uliendelea na kazi yake, fyonz, fyonz. Lakini wanyama walikuwa wamejifunza kusoma mpaka mwisho wa sentensi, angalau kwa muda, na wakikuta mimi Kiboko nimepita chini ya mzizi wanacheka, wanafunga, wanakwenda kwa Sange.

Baadaye sana, Kiboko alikwenda kwenye mkwaju. Safari hii alikwenda polepole, hakuvunja miti. Akasimama mbali kidogo na njia ili asiikanyage. Akasema pole kwa msiba, imechelewa lakini pole. Sange akaitikia. Kiboko akasita, kisha akasema anaomba kitu. Mama yake anazeeka. Siku akiondoka, yeye hatakuwa na la kuandika. Anaomba Sange amwandikie, kwa idhini kabisa, na atamlipa kwa maboga.

Sange akamwuliza bibi anapenda nini. Kiboko hajui. Akamwuliza akikasirika anasemaje. Kiboko hajui. Akamwuliza analalia upande gani. Kiboko akaangalia chini. Sange akamwambia hawezi kuandika asichokijua, na kwamba hiki hakuna mtambo unaoweza kukifyonza kokote, kwa sababu bado hakijaandikwa na mtu. Akamwonyesha kwa pua upande wa bondeni, kwenye dimbwi la mbali.

Kiboko akaenda. Akakaa huko. Siku nyingi blogu yake haikusema kitu, mpaka asubuhi moja ikatokea sentensi moja tu, ya kwake mwenyewe: "Mama yangu anatafunia upande wa kushoto, na nilikuwa sijui."

Sange aliisoma juu ya mzizi. Akaisoma tena kwa sauti, kwenye majani pale mlangoni. Hakusikia mtu akisema umedanganya.

Haya, najua hamwondoki bila fundisho. Fundisho ni hili, mlishike vizuri: ukitaka kuiba, iba, lakini soma kwanza. Na kama huna muda wa kusoma, mwibie asiye na mama.

Mimi nimeishia hapo. Ikiwapendeza, mkiwasimulia wenzenu semeni mmeitoa kwangu. Ikiwaudhi, semeni mmeisoma kwa Kiboko.